Tromboni Iliyoazimwa kwa Marehemu

Saa tisa alasiri, katika bwalo la Shule ya Sekondari ya Mtakatifu Barnaba hapa Teshie, bendi kubwa ya shule inapiga muziki na hakuna kinachosikika.

Vidole vinabonyeza. Mashavu yanavimba. Mabomba ya tromboni yanavutwa na kurudishwa kwa pamoja, na mpiga dramu anashusha vijiti vyake na kuvisimamisha kabla havijagusa ngozi. Mbele yao Madam Lamiley Borketey, mwalimu wa muziki, anahesabu kwa kupunga mkono. Midomo ya vyombo vyote imeshindiliwa matambara. Kilichobaki ni pumzi tu, pumzi za vijana zaidi ya ishirini zikiingia na kutoka pamoja, na ukikaa nazo kwa muda mwili unasisimka.

Karibu na mlango, kwenye kiti cha plastiki, ameketi mzee mwenye makovu ya moto mikononi. Macho ameyafumba. Huyo ndiye Ayikwei Sowah, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, fundi wa rejeta za magari.

"Saksafoni ya pili inavuja," anasema bila kufumbua macho. "Wewe binti, ukimaliza niletee."

"Ataa, umejuaje na hatupulizi?" anauliza binti, kwa jina la heshima ambalo wote humwita mzee.

"Mnapumua. Yako inapumua pembeni kama mwizi."

Vijana wanacheka, lakini kwa chini. Mwezi huu hata kucheka tunacheka kwa adabu.

Ni mwezi wa marufuku. Kila mwaka kabla ya Homowo, sikukuu ya mavuno, mahindi yakiwa bado machanga ardhini, Teshie hunyamaza. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hata misiba huenda kimyakimya. Wachungaji wengine hununa, lakini nao huzima spika. Anayevunja kimya hutembelewa na watu wa nyumba ya chifu, chombo chake huchukuliwa, na kukirudisha kunataka kondoo, chupa ya pombe na kupiga magoti.

Mwaka huu marufuku imeikuta bendi ya Mtakatifu Barnaba pabaya. Jumamosi inayofuata sikukuu wamealikwa kupiga katika Ukumbi wa Akwele, mjini Accra, ukumbi ambao bendi zote kubwa za nchi hii zilipata jina jukwaani mwake na nusu ya wazazi wetu walichumbiana sakafuni. Hakuna shule iliyowahi kualikwa pale. Na mazoezi yote ya mwezi wa mwisho lazima yafanyike bila sauti.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," anasema Madam Lamiley akijifuta jasho. "Ndivyo ninavyowaambia watoto. Nikifika nyumbani siwezi hata kula."

Ayikwei hakusomea muziki. Kazi yake ni kulehemu rejeta zilizotoboka, katika kibanda cha mabati kando ya barabara ya Teshie kwenda Nungua. Rejeta moja ikiwa na bahati humpatia cedi mia na hamsini. Vyombo vya shule humpatia sahani ya wali na "asante, Ataa." Alianza siku Madam Lamiley alipomletea tarumbeta iliyokanyagwa na gari, akilia kama ameleta mtoto hospitali.

"Nilimwambia, mwanangu, shaba ni shaba," anakumbuka. "Kama maji hayapiti, hewa nayo haitapita. Nikaizibua. Kesho yake akaleta nyingine. Ndiyo nimeolewa hapa mpaka leo."

Mwandishi wa makala haya alikwenda pale kuandika habari fupi juu ya mikono ya mzee huyu. Ingekuwa habari nzuri, ya kusomwa na kufungiwa maandazi. Lakini alasiri ileile, bendi ikiwa katikati ya wimbo wake usiosikika, tromboni ililia.

Haikulia ndani ya bwalo. Ilitoka mbali kidogo, upande wa makazi ya watu. Ilikuwa sauti moja, ndefu, ya chini, yenye mkwaruzo kama mtu anayesafisha koo, na mwishoni ikashuka taratibu hadi ikazama. Vijana wote waliacha. Hakuna aliyetazama dirishani. Walitazama kiti kimoja kitupu katika safu ya nyuma.

"Leo tena," alisema msichana mmoja, na Madam Lamiley akamwambia anyamaze.

Kiti kile kilikuwa cha Nii Kpakpo. Alikuwa mpiga tromboni wa kwanza wa bendi, kijana wa miaka kumi na saba, mrefu, msumbufu, aliyekuwa akichelewa mazoezi kisha akipiga unamsamehe. Alikufa kwa homa wakati wa mvua, mwezi Mei. Wimbo ambao bendi imeuandaa kwa Ukumbi wa Akwele una sehemu moja ambapo wengine wote hunyamaza na tromboni husimama peke yake. Sehemu hiyo huanza na sauti moja, ndefu, ya chini, inayoshuka mwishoni.

Hapa kwetu mtu huzikwa ndani ya kile alichokipenda. Dereva huzikwa ndani ya basi la mbao, muuza vitunguu ndani ya kitunguu. Kpakpo alichongewa jeneza la umbo la tromboni, likapakwa rangi ya dhahabu. Seremala hachongi kwa kukisia, hivyo aliazima tromboni yenyewe ya shule aitumie kama kielelezo. Alipomaliza aliipeleka nyumbani kwa wafiwa, na huko mama wa marehemu, Adoley, muuza kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi, anayejulikana mtaa mzima, akaomba mwanawe azikwe nayo. Nani angemkatalia? Alimwingizia kwa mikono yake mwenyewe, imefungwa kitambaa cheupe, na wazee wakamwaga tambiko na kumwambia marehemu mbele ya watu: Kpakpo, hii hapa tromboni yako, nenda nayo, usiturudie kuidai.

Kwa hiyo tromboni ilikuwa futi sita chini ya ardhi. Na kila alasiri, akina mama wa sokoni wakiwa wamejinyoosha kivulini, ilikuwa ikilia.

Lisemwalo lipo, na kwa Teshie lilisemwa sana. Muuza nyanya alisema imelia chini ya meza yake. Dobi alisema imelia kisimani. Mwandishi huyu anakaa mtaa wa tatu kutoka pale, naye alikuwa ameisikia mara mbili, akajiambia ni redio ya jirani. Jirani hana redio.

Siku iliyofuata Asafoatse Nortey alifika shuleni na vijana wawili. Asafoatse ni kapteni wa jadi, mtu wa nyumba ya chifu, na ndiye anayesimamia marufuku; ndiye pia aliyetamka maneno ya tambiko siku ya mazishi ya Kpakpo. Alikagua vyombo vyote kimoja kimoja, akavuta kila tambara akalirudisha. Hakupata kosa.

"Madam," alisema, "mji mzima umesikia tromboni. Mimi mwenyewe nimeisikia nikiwa chooni. Nani anapuliza?"

"Si sisi, Asafoatse. Tromboni zetu mbili hizo hapo, umeziona."

"Na ile ya tatu?"

"Ile ya tatu uliizika wewe mwenyewe."

Mmoja wa wale vijana wawili alirudi nyuma hatua moja. Asafoatse alikohoa. Ni mtu mnene, wa sauti kubwa, na ilikuwa mara ya kwanza tunamwona akitafuta la kusema.

"Mimi siamui kesi za wafu," alisema mwishowe. "Miungu imetaka kimya. Ikisikika tena baada ya kesho, nachukua vyombo vyote vya shule mpaka sikukuu ipite na faini ilipwe. Ukumbi wa Akwele mtausikiliza kwenye redio."

Alipoondoka, vijana walibaki wamekumbatia vyombo vyao. Madam Lamiley alikaa kwenye ngazi za jukwaa. Ayikwei alikusanya koleo zake, akaaga, na mwandishi akamfuata hadi kibandani.

"Wewe ni mtoto wa hapa, nitakwambia," alisema akiwasha jiko. "Ule mkwaruzo ni kiraka changu. Kpakpo aliibamiza ile tromboni ukutani akicheza upumbavu, nikaiziba penye kona. Nilitia lehemu nyingi, ikaanza kukwaruza. Nikataka kuiziba upya, akakataa. 'Ataa, iache, sasa ina sauti ya mzee.' Kwa hiyo usiniambie redio. Mtu anaijua kazi ya mkono wake."

"Basi inalia kaburini?"

"Hilo ndilo sijui. Na naogopa. Naogopa kweli."

Kuogopa hakukumzuia. Kesho yake alasiri alikwenda makaburini peke yake, akapiga magoti juu ya kaburi la Kpakpo, akaweka sikio kwenye udongo. Anasimulia kwamba udongo ulikuwa na joto na sisimizi, na kwamba alikuwa ameshajiandaa, ikilia chini ya sikio lake, kufa palepale na kumaliza. Ikalia. Lakini ilitoka nyuma yake, mjini.

"Nilifurahi mpaka nikacheka. Nikasema, ya mjini ni ya watu. Watu nawaweza."

Alitembea kuelekea ilikotoka. Haikulia tena, lakini tayari alikuwa ameshaelewa miguu inampeleka wapi. Ilimfikisha uani kwa Adoley.

Adoley alikuwa anafunga kenkey kwenye maganda ya mahindi. Ni mwanamke wa maneno mengi, sokoni humshindi kwa bei wala kwa matusi. Siku hiyo alimwona Ayikwei mlangoni na udongo wa makaburini magotini, akaacha kazi.

"Ataa, kaa. Nilikuwa nakungoja. Nimechoka."

Aliingia ndani akatoka nayo, imefungwa kitambaa cheupe.

Yaliyofuata yamesimuliwa na wote wawili, na Adoley ameruhusu yaandikwe. "Andika," alimwambia mwandishi, "kwani nimeiba kwa nani? Kwa mwanangu mwenyewe."

"Hukumpa," alisema Ayikwei.

"Nilikusudia kumpa. Nilipofika pale na lile jeneza liko wazi, mikono ikagoma. Meno yake yalikuwa yameacha alama hapa, angalia. Nikasema, nikiizika hii nitabaki na nini? Nikafunga viatu vyake vya shule kwenye kitambaa kingine. Nikaviweka, nikafunga kifuniko. Hakuna aliyefungua."

"Na nje wazee wakamwambia amepewa tromboni."

"Wakamwambia."

Kuku walidonoa unga chini ya meza. Kudanganya wazee ni kosa, hulipwa. Lakini maneno ya tambiko huenda moja kwa moja, na marehemu alikuwa ameambiwa amepewa kitu ambacho hakukiona. Ahadi ni deni, na hii alikuwa anaudai mji mzima.

"Sasa kwa nini unaipuliza, Adoley? Mwezi huu! Unataka watoto wanyang'anywe vyombo?"

"Mimi napuliza?" Alicheka bila furaha. "Ataa, mimi nimejaliwa kupuliza moto. Naweka mdomo pale alipokuwa anaweka wake. Basi. Nikishusha pumzi tu inalia yenyewe."

"Haiwezekani. Watoto huchukua miezi kupata sauti safi."

"Haya, tazama."

Aliweka mdomo, akashusha pumzi. Ikatoka hewa tu. Akajaza mashavu, akapuliza hadi mishipa ya shingo ikasimama. Hewa, na mate kidogo. Alijaribu tena na tena huku machozi yakimtoka kwa hasira, na tromboni ikabaki chuma.

"Mbele yako haitaki," alisema akiishusha. "Inataka niwe peke yangu."

Ayikwei anasema ni hapo alipohisi baridi. Sauti ya tromboni, hata alipokuwa na sikio kwenye kaburi, aliweza kuivumilia. Lakini mama yule, akiwa ameishika, akimtazama kama anayemwomba amweleze maana, alimvunja moyo.

"Anaidai," alisema Ayikwei. "Hebu twende."

"Wapi?"

"Kwa Asafoatse."

"Anitukane mbele ya watu?"

"Atatutukana wote wawili. Nitakaa upande yanakorukia mate."

Asafoatse Nortey kweli alitukana. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakujali tromboni wala viatu. Kilichomuuma ni kimoja. "Mmenifanya nimdanganye maiti!" alifoka. "Kwa kinywa changu! Miaka yote hii sijawahi kumwambia marehemu neno la uongo, hata wale waliokuwa na deni langu!"

Hasira ilipopoa walijadili. Kaburi halifukuliwi mwezi wa marufuku. Kuirudisha shuleni kimyakimya kungekuwa wizi wa pili. Kuiacha kwa Adoley kungemaanisha ilie tena kesho, vyombo vichukuliwe na safari ya Akwele ife. Asafoatse alitaka ifungiwe katika nyumba ya chifu mpaka sikukuu ipite, kisha izikwe. Lilikuwa wazo la busara na lisingempendeza mtu yeyote.

Ndipo Adoley aliposema. Alikuwa amekaa chini muda wote, tromboni mapajani.

"Mwanangu alitaka kitu kimoja duniani, apige Akwele. Alikuwa ananiambia hata akila. 'Mama, siku nikipiga Akwele hutauza kenkey tena.' Mwongo yule. Sasa nyie mnataka kumpa tromboni yake usiku wa kuamkia ukumbi? Muulizeni kwanza. Muombeni awaazime. Apigiwe, halafu arudishiwe."

"Kumuomba maiti akuazime mali yake?" Asafoatse alishangaa.

"Wewe si ndiye unayeongea nao?"

Hakuna aliyewahi kusikia jambo kama hilo, lakini hakuna aliyeweza kutaja mwiko unaolikataza. Asubuhi iliyofuata walikwenda makaburini wote watatu. Asafoatse alimwaga tambiko, na maneno yake Ayikwei anayakumbuka vizuri.

"Kpakpo, mtoto wa Adoley. Nilikwambia uongo bila kujua. Nisamehe. Tromboni yako iko juu, viatu vyako viko chini. Wenzako wanakwenda Akwele na kiti chako ni kitupu. Waazime kwa usiku huo mmoja tu. Kama umekubali, nyamaza. Kama umekataa, lia leo kama jana na mimi mwenyewe nitashika jembe."

Tromboni ilipelekwa kwa Ayikwei, kibandani, kwa kuwa Adoley alisema hawezi kukaa nayo tena bila kuigusa. Ayikwei aliitundika msumarini kati ya rejeta mbili. Alasiri ilipokaribia alishindwa kufanya kazi. Alikaa ameitazama. Wateja walipita, akawafukuza kwa mkono. Jirani yake, fundi matairi, alikuja kukaa naye, kisha muuza maji, kisha watu wengine ambao hawakuwa na shughuli pale. Mtaa mzima ulikuwa unasikiliza.

Saa tisa ilipita. Saa kumi ikapita. Fundi matairi alivua kofia.

"Amekubali," alisema.

"Amekubali," Ayikwei alijibu, na anakiri kwamba alilia kama mtoto.

Homowo ilifika na kupita. Kpokpoi, chakula cha mahindi cha sikukuu, ilipikwa, ngoma zikarudishiwa midomo yao, na alfajiri ya siku ya pili, kama ilivyo desturi, Teshie iliamka kuwalilia waliokufa ndani ya mwaka kabla ya kutakiana maisha marefu nyumba kwa nyumba. Ayikwei alikwenda kulia uani kwa Adoley. Asafoatse naye alikuja, akalia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Bendi ilitoa matambara na kujisikiliza kwa mara ya kwanza baada ya mwezi. "Zilitoka sauti za mbuzi," anasema Madam Lamiley. "Nilitaka kukimbia nchi." Kiti cha Kpakpo alipewa Shormeh, msichana wa miaka kumi na sita, mpole, ambaye hadi hapo alikuwa tromboni ya tatu. Aliishika tromboni ile kwa ncha za vidole. Madam Lamiley hakumweleza mengi, lakini katika mji huu nani anahitaji kuelezwa?

Jumamosi, Ukumbi wa Akwele ulijaa. Vijana walivaa mashati meupe, viatu vyeusi vya kuazimana. Ayikwei alisimama pembeni mwa jukwaa na mpira, uzi na lehemu yake, tayari kwa lolote. Adoley alikaa safu ya tatu katika nguo nyeusi na nyekundu za msiba. Alikuwa hajawahi kuingia ukumbini humo ingawa amewauzia kenkey wapiga muziki wake nusu ya maisha yake.

Walipiga vizuri. Huu si upendeleo wa mtu wa nyumbani. Vijana waliokaa mwezi mzima wakisikilizana pumzi walikuwa wakiingia na kutoka pamoja kama mtu mmoja, na wazee wa Accra waliokuja kwa huruma waliacha kuzungumza na kuanza kusogeza viti ili wacheze.

Kisha ukaja ule wimbo. Bendi ilipanda, ikapanda, ikanyamaza. Shormeh alisimama peke yake na kuinua tromboni, na sauti ikaanza, ndefu, ya chini, yenye mkwaruzo. Ukumbi wote ulitulia. Mwandishi huyu alikuwa mbali na hawezi kuapa chochote. Alichokiona ni kwamba Adoley alisimama, akiwa peke yake miongoni mwa watu waliokaa, akasema si kwa sauti kubwa, "Huyo." Sauti ikashuka taratibu, na kutoka pale iliposhukia Shormeh akaendelea, akapiga kwa namna ambayo Madam Lamiley anasema hakumfundisha.

Makofi yalichukua muda mrefu. Shormeh alipofika pembeni mwa jukwaa alimshika Ayikwei mkono.

"Ataa, mimi nilichelewa kuingia."

"Hukuchelewa. Nimekusikia."

"Nilichelewa. Mdomo wangu ulikuwa bado haujafika."

Ayikwei alimwangalia. Yeye alikuwa amesimama karibu kuliko mtu yeyote.

"Najua," alimwambia. "Nenda ukanywe maji."

Usiku uleule mambo yalitaka kuharibika. Mkuu wa shule, kwa furaha ya makofi, alisema tromboni ile ni mali ya shule na haitazikwa na mtu. Shormeh, akiwa ameikumbatia, alisema, "Ibaki, Ataa, tafadhali. Mimi nitabaki na nini? Zile nyingine hazina sauti." Ayikwei anasema hilo la pili ndilo lililomuuma. Maisha yake yote ameokoa shaba iliyovunjika. Hajawahi kuitupa iliyo nzima.

Alimjibu mkuu wa shule kwanza. "Mwalimu, mali ya shule aliiazima seremala. Seremala akampelekea mfiwa. Mfiwa akampa marehemu kwa maneno, na marehemu akatuazima kwa kimya. Yeye ametimiza. Sasa unataka sisi, wenye pumzi, tuwe ndio wezi?"

Mkuu wa shule aliangalia chini. Kisha Ayikwei alimnyooshea Shormeh mikono miwili, akaipokea tromboni.

Jumatatu, mchana kweupe, alichimba kichwani mwa kaburi. Aliilaza mwenyewe. Adoley aliigusa mara moja, pale penye alama za meno, akaondoa mkono. "Kpakpo," alisema Asafoatse, "tumerudisha. Safari hii nimeifungua na kuiona kwa macho yangu." Udongo ulirudishwa. Walisubiri kidogo, hakuna aliyejua wanasubiri nini, kisha wakaenda zao.

Tangu siku hiyo alasiri za Teshie zimekuwa kimya. Watu wanasema afadhali. Ayikwei hasemi hivyo.

"Zamani ilikuwa inanitisha," anasema akigeuza kipande cha shaba kwenye moto. "Sasa ikifika saa ile nategea sikio, hakuna. Ndiyo nimejua amekufa."

Kipande anachogeuza ni sehemu ya mpango wake mpya. Anatengeneza tromboni. Hajawahi kutengeneza chombo kizima tangu azaliwe, na fundi matairi huja kila siku kumcheka. Mabomba anayatoa kwenye rejeta za magari yaliyokufa. Yamepinda mara mbili, akayanyoosha. Anataka Shormeh awe nayo kabla ya mvua zijazo, kwani Ukumbi wa Akwele umeialika tena bendi.

Kilichokuwa kimemshinda ni mdomo mpana wa mbele, kwa sababu shaba ya rejeta ni nyembamba na hupasuka. Wiki iliyopita, saa tisa alasiri, Adoley alitokea kibandani na beseni la shaba kichwani, zito, la zamani, lile ambalo mama yake aliletewa siku ya mahari. Alilitua mbele ya Ayikwei, akakaa kwenye tairi.

"Kata," alisema.

"Adoley, hili ni la ukoo."

"Ukoo gani? Kata, nasikiliza."

Sasa huja kila alasiri kusikiliza nyundo. Siku mwandishi alipokwenda kuaga, alikuwapo, miguu ameinyoosha, akimenya karanga na kumkosoa fundi kama mtu aliyezaliwa gereji. Ayikwei aliinua juu kile kilichoanza kuonekana kama mdomo wa tromboni, akamwonyesha.

"Ikiisha itakuwa na sauti ya beseni," alitania.

Adoley hakucheka. Alikung'uta maganda, akamnyooshea kidole.

"Siku ya kumkabidhi yule binti, muite Asafoatse. Aseme mbele ya watu wote, kwa sauti, kila mtu asikie mpaka makaburini: hii ni ya aliye hai."